Bunduki ya Mjomba Dewey Kwenye Geti la Kambi

"...mikono kwenye usukani, dada, na usiguse kitu kingine chochote!"

Nyie, acheni tu.

Hii stori nimekaa nayo tangu msimu wa kuwinda uanze. Shangazi alinikataza kufungua mdomo mpaka matokeo ya tenda yatoke.

Yametoka leo mchana. Kwa hiyo naufungua.

Shangazi yangu Verlene ana kampuni ndogo ya ukarabati hapa kwetu Oklahoma. Mji wetu unaishi kwa kambi ya jeshi, ile ya kufundishia makuruti. Ndani ya kambi kuna mgahawa wa baga, na jeshi likatangaza tenda ya kuukarabati. Jiko, sakafu, mabomba, vyote.

Tukiikosa hiyo tenda, shangazi anauza kampuni. Hakuna mjadala.

Mnunuzi alishajileta. Bwana Harlan Stroud, mkandarasi mkubwa wa mji, alikuja mpaka jikoni kwetu, akanywa chai yetu ya barafu huku macho yake yanachungulia dirishani, yanaipima karakana ya kampuni.

"Verlene, jina lako nitaliacha mlangoni pa karakana," akasema. "Kwa heshima."

"Harlan, maliza chai uende zako."

Na kinachochekesha, huyu Stroud na mume wa shangazi, Mjomba Dewey, ni maswahiba wa kuwinda. Jumatatu mpaka Ijumaa wananyang'anyana kazi, Jumamosi wamebanana kichakani wanamsubiri kulungu. Huku kwetu kugombana ni kugombana, na kulungu ni kulungu.

Jumamosi ile mjomba alirudi kalowa matope hadi masikioni. Pikapu yake ilizama, Stroud akamleta nyumbani na gari lake. Kesho yake tukaenda kuivuta.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya wakandarasi kuukagua mgahawa. Siku moja tu, saa tatu kamili asubuhi. Usipoonekana, huruhusiwi kupeleka bei. Basi.

Shangazi katoka kupasuliwa goti, hawezi hata ngazi. Nikateuliwa mimi, Lacey, mwenye digrii ya biashara na sijawahi kukagua hata banda la kuku.

"Pima, sikiliza, nyamaza," shangazi akaniambia. "Na hivyo viatu uvivue."

"Vina nini?"

"Vina kelele."

Sikuvua. Gari langu nalo likagoma kuwaka kwa baridi, mjomba akanirushia funguo za pikapu yake.

Nikafika getini na muda wa kutosha. Foleni ndefu, kumbe siku hiyo wanapekua kila gari. Kuna bango kubwa pale: kama una silaha, sema kabla hujapekuliwa.

Nikalisoma lile bango.

Moyo paa.

Msimu wa kulungu. Bunduki ya mjomba huwa inalala nyuma ya kiti cha pikapu kuanzia siku ya kwanza ya msimu mpaka ya mwisho. Mwanaume wa huku akitoka bila bunduki msimu huo ni kama katoka bila suruali.

Kuingiza silaha kambini kimyakimya si utani. Wanakupiga marufuku wewe na kampuni yako. Tenda kwaheri.

Nitoke kwenye foleni? Kuta za zege kulia na kushoto. Nirudi nyuma? Naangalia kwenye kioo, nyuma yangu kuna pikapu nyeupe kubwa, na Stroud ndani yake ananipungia vidole viwili.

Nipapase nyuma ya kiti? Askari wako hatua chache, wanaangalia kila mkono. Ninyamaze? Labda hawataangalia huko. Labda.

Foleni ikasogea, zamu yangu ikafika.

Dirishani akaja sajenti, mwanamke mfupi, kifuani kaandikwa Pruitt. Macho yake hayapepesi.

"Habari ya asubuhi. Una silaha yoyote?"

Mdomo ukanitangulia. "Ndiyo, afande. Ya mjomba. Nyuma ya kiti. Nimekumbuka sasa hivi."

Ndipo nikaambiwa ile ya mikono kwenye usukani.

Njia ikafungwa. Nikashushwa, nikasimamishwa pembeni, mbwa wa kunusa silaha akaletwa. Watu kwenye magari wananiangalia kama jambazi. Saa inakimbia.

Stroud akashusha kioo. "Lacey, binti yangu, karakana nikabidhiwe Ijumaa au tusubiri Jumatatu?"



Wanajeshi wakatoa mabuti. Wakatoa blanketi. Fimbo ya kuvulia samaki. Mfuko wa nyama kavu ya kulungu, mbwa akaangalia pembeni kwa heshima zake zote.

Bunduki hakuna.

"Iko wapi?" Sajenti Pruitt akaniuliza.

"Huwa ipo hapo."

"Uliiona lini?"

"Sijaiona. Huwa ipo tu."

"Dada, umenifungia geti kwa bunduki ya kufikirika?"

Kijana mmoja mwenye kofia ya chuma akageuka kuficha kicheko. Stroud hakuficha, alikuwa anapiga mlango wa gari lake kwa kiganja.

Sajenti akamwendea. "Na wewe baba? Silaha?"

"Mimi? Afande, geti hili nimeanza kupita wewe hujazaliwa. Sina hata wembe. Mimi si mtoto kama huyu."

Mbwa akazunguka pikapu nyeupe. Akafika mlango wa nyuma.

Akakaa chini. Ndivyo wanavyofundishwa wakinusa silaha.

Chini ya kiti cha nyuma wakavuta mfuko wa turubai, na ndani yake ikatoka bunduki yenye utepe wa bluu kwenye kitako.

Ule utepe niliuzungushia mimi, siku mjomba alipoiangusha kwenye ngazi.

"Hiyo si yangu," Stroud akasema. Uso umekuwa mweupe kuliko gari lake. "Naapa, si yangu."

Na ni kweli, haikuwa yake. Pale ni mimi peke yangu niliyejua.

"Kuna anayeijua hii?" Sajenti akauliza.

Wenzangu, kunyamaza kulikuwa rahisi. Ningenyamaza tu, Stroud asingekanyaga kambi ile tena. Nikisema, naiingiza familia yetu kwenye kesi ambayo tayari imehamia kwa mwingine, na pengine narudi nyumbani kumwambia shangazi auze.

Nikamwangalia Stroud. Mikono yake, ile iliyokuwa inapiga mlango, sasa imeinuliwa juu kama ya jambazi.

"Ni ya mjomba wangu," nikasema, sauti kama ya kifaranga. "Waliwinda wote Jumamosi, aliisahau humo. Yeye hajui."

Wakampigia mjomba palepale, simu ikawekwa spika, tukamsikia wote.

"Yenye utepe wa bluu? Afadhali, nimeitafuta mpaka kwenye banda la mbuzi. Mwambieni Harlan asiguse ile darubini ya kulengea, nimeshaiweka sawa."

Sajenti Pruitt akafumba macho kidogo.

"Baba," akamwambia Stroud, "nimeamini si yako, kwa hiyo hufungiwi. Lakini leo huingii. Nilikuuliza, ukajibu kabla ya kuangalia. Huyu hana kitu, akasema anacho. Bunduki inabaki getini, mwenyewe aje aichukue. Geuza gari. Dada, pita."

Nilikimbia kwenye vigae vya ule mgahawa na viatu vyangu vya kelele, afisa wa tenda ameshika kitasa anafunga mlango. Ndani kulikuwa na wakandarasi wawili kutoka mbali. Nikapima sakafu iliyobonyea karibu na majokofu, nikachungulia shimo la mafuta machafu hadi nikakosa hamu ya chipsi.

Shangazi ndiye aliyepanga kazi. Akaahidi jiko halitafungwa siku za mahafali ya makuruti, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa kuruti pale. Siku yake ya mahafali alikula baga tatu mfululizo, akamtapikia bibi kwenye viatu.

Hao wengine wawili waliandika watafunga jiko mpaka kazi iishe.

Leo mchana simu ikalia. Tumeshinda.

Shangazi hakupiga kelele. Alikaa, akaniambia nimletee chai. Halafu akapiga simu moja, maana mafundi wazuri wa sakafu mji huu wote ni wa mtu mmoja.

Stroud akaja, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti kilekile.

"Verlene, vibali vya geti vitaandikwa jina la kampuni gani?"

"Yangu."

Akaikoroga chai yake ya barafu.

"Jina lako nitaliacha kwenye mlango wa gari lako," shangazi akamwambia. "Kwa heshima."

Basi wapendwa, ukiulizwa, sema, hata kama aibu itakuwa yako peke yako. Na kabla hujacheka gari la mwenzio likipekuliwa, inama kwanza uangalie chini ya kiti chako.

Kesho asubuhi tunakwenda kuchukua vibali, mimi kwenye usukani, Stroud pembeni yangu. Sasa hivi yuko nje na tochi anaipekua pikapu yetu mara ya pili. Ngojeni nirudi, niwaambie Sajenti Pruitt amesema nini akituona wote wawili nyuma ya kioo kimoja cha gari.