Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo huwa sipendi kuikumbuka. Leo imenijia tena, maana kesho ninyi vijana mnafunga sanduku la hiyo setilaiti yenu ndogo, mliyoiunda ghorofani hapo Kariakoo, ili ikasimame angani mahali pamoja na kuwapa intaneti watu wa visiwani na vijijini.

Nilikuwa kijana, najifunza kufunga madishi makubwa ya mawasiliano kwa Fundi Rashidi. Siku hiyo tulikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni, Mtaa wa Msimbazi. Chini yetu akina mama walikuwa wamepanga vitenge vyao hadi ukingoni mwa barabara. Desturi yetu ilikuwa hivi: nati ikishakazwa sawasawa, unaitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Ukiona wekundu, huigusi tena.

Mimi na ujuaji wangu nikaona kazi itakwenda haraka nikizitia rangi nati zote za dishi kwanza, ndipo nizikaze. Nikazitia. Kabla sijashika spana, Fundi akatokea ngazini, akaona wekundu, akafurahi.

"Umeshamaliza? Safi sana. Haya, tuinue."

Nilipaswa kusema bado. Nikaona haya, nikashika upande wangu wa dishi. Tukainua. Upepo ukavuma, dishi likazunguka na kuinamia barabarani. Fundi akalidaka, likawa linamburuta kuelekea kwenye ukuta mfupi wa paa. Chini nilisikia akina mama wakitaniana na wateja, hawana habari.

"Fundi, hazijakazwa!" nilipiga kelele.

Nikamshika kiuno, tukalivuta pamoja mpaka likalala. Hakunipiga. Alikaa chini akihema, viganja vinamtoka damu.

"Tone lako nililiamini kuliko macho yangu," akaniambia. "Sasa niamini nini?"

Nililia, sikufichi.

Mwanangu, kwenye lile paa ngazi ilikuwepo. Huko mnakoipeleka setilaiti hakuna fundi atakayepanda na spana. Karatasi ya ukaguzi ina sahihi yako. Kama kuna nati hata moja uliyoisainia kabla ya kuikaza, sema, hata kama gari la kwenda uwanja wa ndege limeshawasha injini na bosi wako amekunja uso. Watakusema, watakucheka wiki nzima. Vumilia. Mungu akujalie ulimi wa kusema "bado" pale watu wote wanaposubiri useme "tayari".