Mfuko wa Watu Wawili

Oddrun Myrvang alishona mahema kwa miaka thelathini na minne, katika chumba kilichokuwa zizi la kondoo wa baba yake, pembeni mwa uwanda wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe. Kitambaa chochote kilichopita mikononi mwake kilipanda kwanza kwenye mizani ya jikoni, na kikizidi uzito alioagiza hata kwa gramu mbili kilirudishwa kilikotoka. Majirani walimcheka. Lakini yeyote aliyetaka kulala nje mwezi Machi, baridi ikiwa nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, alimjia Oddrun kwa mlango wa nyuma na kumwomba kwa adabu.

Alikuwa mwanamke mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiozunguka. Mpini wa mswaki wake aliukata ili kupunguza uzito. Kijiko chake alikitoboa matundu mpinini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho mtu hukivuta mwenyewe siku saba juu ya theluji, kwenye sleji isiyo na magurudumu, kwa mkanda uliofungwa kiunoni.

Mwenzake wa safari alikuwa Gunnvor Lien, mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kupendwa na kila mtu. Walikuwa wamesafiri pamoja majira ya baridi ishirini na moja. Sheria yao ilikuwa moja: Jumamosi ya kabla ya safari, kila kitu kinamwagwa sakafuni jikoni kwa Oddrun, kinapimwa kimoja kimoja, Gunnvor anaandika. Kisichokuwamo kwenye orodha hakiingii kwenye sleji ya yeyote.

Fahari ya orodha hiyo ilikuwa mfuko wa kulalia. Oddrun aliushona mmoja tu, wa watu wawili, kwa manyoya laini ya bata ambayo yasingetosha kama kila mtu angelala katika mfuko wake. Yalitosha kwa sababu miili miwili ilipashana joto. Kwa njia hiyo waliokoa karibu kilo nzima. Mtu mmoja akilala humo peke yake, nusu ya mfuko ingebaki tupu, na utupu huo ungemnyonya joto mpaka asubuhi. Oddrun alilijua hilo tangu alipochora mshono wa kwanza, na hakujali. Nani angelala humo peke yake?

Mwaka ninaousimulia, Oddrun alikuwa na miaka sitini na mitatu na goti bovu. Daktari alimpangia upasuaji mwezi wa Aprili na akamwambia wazi kwamba baada ya hapo asahau kuvuta mizigo. Uwanda walikuwa wamejaribu kuuvuka wote, kusini hadi kaskazini, mara tatu, na mara tatu dhoruba iliwarudisha. Hii ilikuwa ya mwisho. Asipovuka sasa, hatavuka tena maishani.

Jumamosi ile aliweka kwenye mizani mkanda wa kufungia goti.

"Gramu mia tatu na kumi!" Gunnvor akapiga ukelele. "Mama wee, unaenda vitani?"

"Goti ni langu, shoga."

"Na sleji je? Kwa uzito huo tungebeba jibini ya siku nzima. Wewe ndiye uliyenifanya nikate lebo ya chupi yangu, Oddrun. Leo unajihurumia?"

Oddrun alicheka hadi akashika meza. Aliuona ukweli wa maneno hayo, akaurudisha mkanda kabatini.

Siku ya pili ya safari walifika kwenye kilima kirefu. Kulikuwa na jua kali lisilo na joto, na kope zao ziliganda kila walipopumua. Gunnvor akasimama, akashika kiuno.

"Mgongo wangu, shoga. Umenishika tena."

Oddrun hakusubiri kuombwa. Alifungua mkanda wa kiunoni, wakabadilishana sleji, kama walivyofanya miaka iliyotangulia mgongo wa Gunnvor ulipogoma. Akavuta saa nzima. Goti liliwaka moto.

"Mbona yako nzito leo?" aliuliza huko juu, akihema.

"Si theluji hii? Kwa baridi hii inashika kama mchanga. Hata yako inakwama."

Na ni kweli, theluji ya baridi kali haitelezi. Mtu yeyote wa kule analijua hilo, kwa hiyo Oddrun aliridhika. Alimkatia mwenzake kipande kikubwa zaidi cha nyama kavu ya kulungu, kwa ajili ya mgongo.

Siku ya tatu mchana walifika kwenye kibanda cha wasafiri kilichoko katikati ya uwanda. Ndani, pamoja na mtunza kibanda, walimkuta Trygve, mwanamume wa miaka arobaini mwenye miguu ya farasi, na wenzake wawili. Gunnvor alisalimiana nao kwa furaha zaidi kuliko ilivyostahili watu waliokutana kwa bahati. Oddrun aliliona hilo, akalipuuza. Walikula, wakalala kwenye vitanda vya mbao karibu na jiko.

Asubuhi Oddrun alitoka kufunga mizigo na kumkuta Gunnvor ameinama juu ya sleji yake. Mikononi alishika mfuko wa kulalia mwekundu, wa mtu mmoja, wa dukani, mpya kama yai.

"Huo nini?" Oddrun aliuliza, ingawa macho yalikuwa yamekwisha kumjibu.

Gunnvor aliinuka polepole. "Nilitaka nikwambie jana, nikashindwa."

"Niambie sasa."

"Trygve na wenzake wanavuka kwa siku nne zilizobaki. Nimeahidi kwenda nao. Oddrun, nisikilize. Hutafika. Jana ulikuwa unaburuta mguu, nami nilikuwa nasimama kila baada ya mita mia kukusubiri. Jiko nakuachia, hema nakuachia, chakula chote. Mtunza kibanda atakuitia pikipiki ya theluji ije ikuchukue, utakaa kama malkia."

"Tulipima kila kitu."

"Najua."

"Uliandika wewe mwenyewe. Kwa mkono wako."

Gunnvor alianza kuukunja mfuko mwekundu.

"Umeniachisha mkanda wa goti," Oddrun alisema. "Gramu mia tatu na kumi. Huo una ngapi?"

"Mia tisa na arobaini."

Mwalimu wa hesabu, uzito wake aliujua hata kwa gramu. Oddrun alikumbuka kilima, saa nzima, goti likiwaka, naye akivuta kwa kiuno chake mfuko uleule ambao ungemwezesha Gunnvor kumtelekeza. Fadhila ya punda mateke, wasemavyo watu, ila hapa punda alikuwa yeye, na mateke alipigwa yeye vilevile.

Aliingia ndani, akaketi na kugeuza uso ukutani mpaka sauti za skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, zilipoacha kusikika nje. Hapo ndipo alipolia, bila kujificha, na mtunza kibanda akamwekea kahawa. Baadaye akauliza kama aite pikipiki.

"Nimekuja kwa miguu yangu," Oddrun alisema.

Akatoa sindano na uzi wa kusafishia meno, ambao watu wapunguzao mizigo hubeba kwa kazi zote mbili. Akaukunja mfuko wa watu wawili, nusu ikafunika nusu, akapiga mshono mrefu kuanzia shingoni hadi miguuni. Manyoya yakawa tabaka mbili juu ya mtu mmoja. Kazi hiyo ilimchukua siku nzima. Kisha akarudi kusini, safari ya siku tatu akaitembea kwa siku tano, na humo ndani hakuhisi baridi hata kidogo. Hilo nalo lilimuumiza.

Gunnvor alivuka. Picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la ushirika, yuko katikati, anacheka.

Mwezi wa Septemba alikuja kwa mlango wa nyuma na chupa ya jamu ya matunda ya kinamasini. Oddrun alikuwa kwenye cherehani, fimbo imeegemea ukuta.

"Sikukusudia kukuumiza, shoga. Usidhani nilipanga haya mwaka huu kwa sababu ya Trygve. Mfuko ule nilikuwa nao tangu goti lako lianze kuuma. Miaka mitatu. Nilijua siku moja litakuangusha, na mimi nilitaka kufika."

Alidhani anajitetea. Oddrun aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa akivikumbuka vilima vya miaka mitatu, na kila mara Gunnvor aliposhika kiuno.

"Mwaka juzi," akauliza, "kule mtoni, nilipokuvutia sleji mpaka giza?"

Gunnvor alitazama chupa ya jamu mkononi mwake.

"Mfuko ulikuwemo," akasema.