Aliyetanguliza Miguu

Mimi nilizaliwa kwa kutanguliza miguu, na mtaani kwetu Mjambere hilo ni sawa na kufungua duka la dawa. Mtu akishikwa na kiuno huletwa kwetu alfajiri, hulazwa kifudifudi mkekani, nami humkanyaga. Nimekanyaga wauza samaki, mafundi na mashangazi wa pande zote mbili tangu sijajua kusoma. Wengi husema wamepona. Sijawahi kuwadadisi.

Kisha kiuno kikanishika mimi. Nilikuwa beki wa timu ya wasichana. Niliruka kupiga kichwa, nikatua nimepinda kama mpini wa mwavuli. Bibi akazunguka Kisauni nzima kutafuta mwingine aliyetanguliza miguu. Akampata mmoja Junda, mtoto wa kunyonya. Wakamsimamisha mgongoni kwangu huku wamemshika makwapa. Akanikojolea.

Nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa viungo. Huyo alinipa mazoezi ya sakafuni, akaniambia nirudi uwanjani kidogo kidogo: kwanza mbio za polepole, halafu pasi, kuruka mwisho kabisa. Mimi na kidogo kidogo, wapi na wapi! Kiuno kilipotulia nikacheza mechi nzima, kikarudi. Nikapumzika, kikatulia, nikacheza, kikarudi tena. Shangazi akasema ni husuda ya watu wa Likoni, maana tuliwafunga.

Safari iliyofuata nilimtii fizio kwa kila kitu; kilichobaki ni kuruka tu, alikuwa hajaniruhusu. Lakini Jumamosi walikuwa wanakuja watu wa kuchagua timu ya kaunti, na jezi ile niliitaka kuliko kitu chochote duniani. Nikamwambia kocha niko sawa. Wallahi niliamini hivyo.

Ijumaa alfajiri kocha mwenyewe, mama wa makamo, akapiga hodi kwetu amejishika kiuno.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Hebu nikanyage, mwanangu. Kesho nitasimamaje pale uwanjani?"

Akalala. Nikaweka mguu wa kushoto mgongoni pake, nikainua wa kulia, na papo hapo kiuno changu kikakaza. Nikabaki juu yake kwa mguu mmoja, nimeshika ukuta, jasho linanitoka.

"Haya, shuka," akasema, uso bado uko mkekani.

"Siwezi."

"Ndiko huko kuwa sawa?"

"Kesho kitakuwa kimetulia, kocha, inshallah."

"Kesho huchezi. Hata benchi hukai."

Nikalia palepale, juu ya mgongo wake, kwa sauti, bila haya. Bibi akaja mbio kuniteremsha, akanishika kiunoni, ndipo nilipopiga yowe la kuamsha jirani. Kocha akainuka. Akajipinda huku, akajipinda kule, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Changu kimeachia."