Obdulia Aonekane Uso

Obdulia Arreola alikuwa fundi wa magauni ya sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, na cherehani yake ilijulikana mtaa mzima wa Boyle Heights. Nyumba ya mtu hakuwahi kuifagia hata siku moja. Hata kwake mpiga deki alikuwa mumewe, Evaristo. Lakini kwenye televisheni, jamani, kazi yake ilikuwa deki tu. Kila alipoitwa kuigiza alivishwa aproni, akakabidhiwa sinia, akaambiwa apite nyuma ya wenye nyumba. Asipokuwa mtumishi, basi alikuwa mama wa muuza unga, analia mlangoni polisi wakimchukua mwanawe. Na jina lake humo, siku zote, Maria.

"Watoto wako wote wahuni," jirani yake Hortensia alikuwa akimtania. "Umewaleaje, dada?"

"Kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika sinia."

Wao walicheka. Aliyeumia ni mama yake, Bibi Refugio, ambaye umri wake ulikuwa wa kutoahidiana Krismasi ijayo. Kila tamthilia ilipoanza alisogeza kiti mpaka pua iguse kioo, na kila mara aliambulia kisogo, au kiwiko, au fundo la aproni.

"Kisogo nakijua, nimekisuka mimi," alilalama. "Nataka uso, mwanangu. Niuone kabla sijaenda zangu."

Safari hii bahati ikabisha hodi. Obdulia angemfungulia mlango tajiri mwenye nyumba, kamera ikimtazama usoni, na aseme, "Safari njema, bwana." Maneno matatu! Aliyafanyia mazoezi mpaka Evaristo akawa anaitikia usingizini.

Siku ya kurekodi akaja nyota aliyeigiza tajiri huyo, kijana mmoja mrefu aitwaye Preston, koti mkononi. Obdulia akafungua mlango, akasema lake vizuri kabisa, na Preston akajibu lake. Sasa, kwa akina Obdulia mtu havuki kizingiti bila baraka. Mtoto anakwenda shule, mume anafuata vitunguu dukani, hata fundi bomba akimaliza kazi yake: lazima achorwe msalaba kwenye paji la uso. Basi mkono haukuomba ruhusa. Ukapanda wenyewe, ukamchora Preston msalaba, naye akainama ili afikiwe.

"Simamisheni!" mwongozaji akafoka. "Mama, unafanya nini?"

"Samahani, bwana. Si anatoka nje?"

"Anaigiza kutoka! Huko nje kuna ukuta wa mbao!"

Wakarudia. Mkono ukapanda tena. Mwishowe wakampa sinia ili mikono yote miwili iwe na shughuli, kamera ikahamia mgongoni kwake, na mambo yakawa yale yale ya kila siku.

Nyumbani hakumwambia mtu. Aliomba televisheni iharibike. Lakini Hortensia alikuwa ameshatangaza mtaa mzima, na jioni ya tamthilia sebule ilijaa watu na sufuria za tamali, yale madonge ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda.

"Mama, huenda usione kitu," Obdulia akanong'ona, uso umemshuka. "Nilikosea, wakanigeuza."

"Nyamaza, inaanza."

Akajikunyata nyuma ya kochi. Mlango ukafunguliwa kwenye kioo, naye akafumba macho. Kisha akasikia kelele, sebule nzima kama goli limefungwa. Alipofumbua, uso wake ulikuwa umeenea kioo kizima, mkono juu, na yule nyota ameinamisha kichwa kama mtoto wa ubatizo. Baadaye mshona mavazi wa kule studioni alimweleza: kila waliporudia, Preston alisahau maneno yake. Aliyapatia ile mara ya kwanza tu, wakalazimika kuitumia hiyo hiyo.

Bibi Refugio alisogeza kiti. Aliweka kiganja juu ya kioo.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu mtoto wangu." Halafu akageuka kwa hasira. "Na wewe! Kijana wa watu koti liko mkononi, unambariki tu, humwambii alivae?"

"Mama, nje kulikuwa na ukuta!"

"Ukuta una baridi. Evaristo, rudisha nyuma nimwone tena."

Evaristo akarudisha. Akarudisha tena. Tamali zilipoa mezani, na Bibi Refugio bado alikuwa anasema, "Mara moja tu, baba, halafu tule."