Ng'ombe Hawahesabiwi

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mdogo wangu alizaliwa na mtu wa kumbeba hakuwepo. Nasema mapema ili msomi asipoteze muda wake kunisahihisha. Baadaye nilikwendaga kisomo cha watu wazima. Huko tulifundishwa kuandika majina yetu na kusoma habari za mbolea ya chumvichumvi, ambayo kwenye duka la ushirika haikuwahi kufika. Kwa hiyo haya ya hesabu ninayoeleza msiyaite elimu. Ni mambo yaliyonikuta hapa kijijini Buswahili na binti yangu mmoja, yule anayemfuata mkubwa. Ni wa ngapi kati ya wangapi, hilo usiniulize. Utaona sababu.

Ilikuwa miaka ya shida. Ninyi mliozaliwa sabuni ikiwa imejaa madukani hamuwezi kuelewa. Tulifulia majani ya mpapai, na shati likitoka hapo lina rangi ambayo Mungu hakuiumba. Lakini shule tulikuwa nayo, tena shule kamili. Ilikuwa na kengele ya rimu ya lori, ilikuwa na ratiba, ilikuwa na paredi na fimbo za kutosha. Vilivyokosekana ni vitu vidogovidogo tu: vitabu, madaftari, madawati na chaki.

Chaki ilikuwa muhogo. Unaukausha, unauchonga, unaandika. Mwalimu akisimama ubaoni na muhogo wake, darasa zima lilimtazama mkono kwa utulivu ambao padri hajawahi kuupata Jumapili. Akiuweka mezani akageuka kumchapa mtu, akirudi haupo.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana wa upande wa Tarime, mpole ukikutana naye njiani, simba akiingia darasani. Kutoka juu, sijui juu wapi, ilikuja amri kwamba watoto wajifunze hesabu kwa vihesabio, yaani kila mtoto alete visoda. Amri nzuri kabisa. Soda yenyewe tuliionaga Bunda siku mkubwa wa serikali akipita, na aliinywa yeye. Mwalimu akasema basi leteni punje za mahindi. Mwezi wenyewe ulikuwa ule ghala linabaki vumbi na panya amehama. Mwalimu anasema, "Wekeni kumi. Toeni tatu. Zimebaki ngapi?" Watoto wanatoa tatu, wanatafuna. Wanatazamana, wanatoa na zilizobaki. "Zimebaki ngapi?" "Hamna, mwalimu!" Wakachapwa wote. Mimi nilivyosikia nilisema kutoa wamekuelewa vizuri sana, kilichobaki ni kujumlisha.

Vihesabio vilipoisha tumboni, ikabaki kuimba. Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Binti yangu alikuwa darasa la tatu na alikuwa kinara. Aliimba akichota maji, aliimba akifagia, na moja mpaka mia alizishusha kama litania. Baba yake alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mgeni akitokea tu, hata hajapewa kiti, mtoto anaitwa: "Njoo uimbe hesabu!" Anaimba, mgeni anatikisa kichwa, baba mtu anavimba kama chura wa masika.

Siku moja mwalimu akapata akili mpya. Kama vihesabio hakuna, basi watoto wenyewe wawe vihesabio, maana hao hawaliwi. Akasimamisha baadhi mbele ya darasa, akamwita binti yangu. "Hesabu hawa kwa kidole. Wako wangapi?"

Mtoto akatazama chini.

"Nakuuliza wako wangapi!"

Kimya. Akala fimbo. Kesho yake ng'ombe wakawa wanapita dirishani, mwalimu akasema, "Haya, hao basi ni wangapi?" Kimya tena. Fimbo tena.

Sasa nieleze, maana kuna wasomaji wa mbali. Kwetu mtu hahesabiwi, na ng'ombe hahesabiwi. Ukimnyooshea mtoto wa mtu kidole ukasema mmoja, wawili, ni kama unaita kifo kije kuchagua. Na mwenye sheria hiyo nyumbani kwetu alikuwa mama mkwe wangu. Jioni alisimama mlangoni pa zizi, ng'ombe wanaingia, yeye anawatazama tu. Wa mwisho akishaingia anasema, "Yule wa kijivu mwenye pembe iliyoshuka yuko wapi?" Na kweli hayupo. Hajahesabu hata mmoja. Binti yangu alikulia kwenye sketi ya bibi huyo, halafu unamwambia awahesabu wenzake kwa kidole? Heri fimbo.

Mwalimu akaniita. "Mama, huyu mtoto wako ni kasuku. Anaimba, hajui anachoimba. Siku ya kufunga shule nitamuuliza kutoa. Akishindwa, namrudisha la pili."

La pili alikuwa amesharudishwa mara moja. Baba yake alipokuja nikamweleza, akasema bila hata kuvua kofia, "Mtu hawezi kukaa darasa la pili mpaka aote mvi. Akirudishwa tena, shule basi. Ataenda Nyegina kwa shangazi yake akalee watoto." Shangazi alikuwa na watoto, tuseme, wengi. Nilijua mtoto akienda kule atarudi siku ya kupelekewa posa.

Nikasema kwanza nijue mwenyewe. Nikamwita jikoni, nikamwekea maharage. Maharage hayana mwiko. "Nipe saba." Akaanza wimbo, moja mbili tatu nne, sauti nzuri, na mkono unasogeza maharage. Wimbo ukafika saba ukasimama. Mkono ulikuwa bado unaendelea. Nikatazama lile fungu, nikajua mwalimu amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kumchukia mtu mwenye kosa ni raha. Kumchukia mtu mwenye haki kunachosha.

Lakini usiku huohuo kulikuwa na chakula. Nikamwambia agawe samaki. Akapanga sahani, hii ya bibi, hii ya kaka, hii ya mtoto, kila sahani akaweka ningu mmoja. Akasimama. "Mama, samaki wamepungua. Sahani mbili hazitapata." Hakuimba chochote. Alitazama sahani zilizobaki tupu, basi. Nikakaa na mwiko mkononi. Shuleni anahesabu bila kujua, nyumbani anajua bila kuhesabu. Ni kama watu wawili wa nyumba moja ambao hawasalimiani.

Nikaenda kwa mwalimu tena. Nilimkuta nje ya ofisi anachonga chaki.

"Mwalimu, shikamoo ya kazi."

"Marahaba, mama. Umekuja kumtetea kasuku?"

"Nimekuja kukusalimia. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Watoto unao wangapi vile?"

"Aa, mama, wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu. Mungu amejalia."

"Si uwahesabu, mwalimu? Tumia kidole."

Alinitazama, akatazama kisu, akatazama muhogo. Halafu akacheka mpaka chaki ikamdondoka, na mtoto mmoja aliyekuwa anapita akaiokota, hiyo haikurudi. "Mama, wewe ni mchokozi! Hata mimi nilichapwa kwa jambo hilohilo nikiwa la kwanza."

"Ukajifunza nini?"

"Kuhesabu kimoyomoyo. Bibi yangu asisikie." Akafuta machozi. "Lakini mkaguzi akija kutoka Musoma, nitamwambia wanafunzi wapo tu? Nipe dawa."

"Dawa nitoe wapi? Mimi ni wa darasa la pili."

Tukaagana hivyo, wawili tusiojua.

Dawa ilitoka mahali ambapo sikupeleka barua. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na mama mkwe, nikawa nalalamika. Akasema, "Mkamwana, kwani ni lazima kuhesabu kitu chenyewe? Baba mkwe wangu alipompelekea rafiki yake ng'ombe wa kumtunzia, alitia kokoto kwenye kibuyu, kila ng'ombe na yake. Kokoto hesabu mpaka uchoke. Kokoto haina mama wa kuililia."

"Sasa mama, ulikuwa unajua hilo, na mtoto anachapwa?"

"Umeniuliza leo."

Wazee bwana. Mtu anakalia jiwe la kunolea huku mnakata nyama kwa meno.

Basi jioni ile binti akasimama karibu na bibi yake mlangoni pa zizi na kibuyu. Ng'ombe akiingia, kokoto inaingia. Hakuna neno. Wakishafungiwa, anakaa uani, anazimwaga, anazigusa moja moja na kusema. Siku za mwanzo wimbo ulimkimbia, mdomo uko sita, kidole kiko nne. Nikamwambia, "Usiseme mpaka uguse." Ule wimbo wake mzuri ukaanza kuchechemea. Ulikuwa hausikilizwi tena na mgeni. Nikafurahi.

Mwanzo alichagua: kokoto nyeupe ya ng'ombe mweupe, ya kijivu ya yule wa pembe. Siku amekosa ya kijivu alilia. Nikamwacha. Siku nyingine nikaona anachota zozote tu mchangani. "Na ya kijivu?"

"Yoyote, mama. Yoyote inakaa badala ya yeyote."

Niliendelea kupepeta kama sijasikia, lakini nilisikia. Miaka ya ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa, maduka ya Iringo mjini Musoma yalijaa vihesabio vya plastiki, vyekundu, vya njano, kwenye mfuko wenye picha ya mtoto wa Kizungu anacheka. Nimeona wajukuu wa watu wanavyo, wanavipanga kwa rangi, mama zao wanasema mtoto ana akili. Inawezekana. Mimi nasubiri siku atakapoikosa nyekundu akachukua njano bila kulia.

Nirudi kwenye ng'ombe. Josho letu lilikuwa na maji, dawa hakuna, kupe walikuwa wanaogelea. Yule wa pembe iliyoshuka akapata ndigana, akafa. Ndiye tuliyekuwa tunamkamua. Mama mkwe alitoka zizini macho mekundu, akaja moja kwa moja uani.

"Nani amehesabu?"

Akamtazama binti, akanitazama mimi.

"Nimeuliza nani amehesabu! Lete hicho kibuyu nikakitupe chooni. Na huo usomi wenu mwende nao hukohuko!"

Nilijua kibuyu kikienda, na la nne limekwenda, na mtoto anaenda Nyegina. Binti akakichukua kibuyu kabla ya bibi yake. Akatia mkono, akatoa kokoto moja, akaiweka chini pembeni. Zilizobaki akazimwaga, akazigusa moja moja polepole mpaka mwisho.

"Kokoto zimebaki kumi na mbili, bibi. Ng'ombe sijataja."

Bibi akainama, akaokota ile iliyotolewa, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Hii isitupwe hovyo," akasema. Akaingia ndani. Kibuyu kikabaki uani, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto anajua kutoa.

Siku ya kufunga shule wazazi tulikaa nyuma, kwenye matofali. Zamu yake ilipofika mwalimu akasema, "Thelathini na mbili, toa kumi na tano." Nadhani aliikuza makusudi, ili asije akasemwa amempendelea.

Mtoto akasema, "Mwalimu, naomba nitoke nje."

"Umebanwa?"

Darasa likacheka. Akatoka. Tukamwona kupitia dirishani amechuchumaa anakusanya changarawe. Akakaa, akakaa. Mzazi mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Huyu wako anajenga nyumba?" Mwalimu kwa kusubiri akaanza kuimega chaki yake mwenyewe. Mtoto akarudi na vumbi magotini.

"Kumi na saba."

"Umejuaje?"

"Nimepanga thelathini na mbili. Halafu kumi na tano nimezilaza juu yake, kila moja na mwenzake. Zilizokosa wenzao ni kumi na saba."

Nikaona sahani za usiku ule. Nikaona ningu.

Mwalimu akakuna kichwa. "Hiyo siyo njia ya kitabu."

"Kitabu kiko wapi, mwalimu?" akauliza mtoto mmoja wa nyuma. Aliuliza kwa nia njema kabisa, maana hakuwahi kukiona. Akachapwa. Lakini binti yangu akaandikiwa la nne.

Baba yake alikuja mwisho wa mwezi na mgeni wa kazini kwake. Hajakaa, akamwita binti, "Mama, njoo umwimbie mgeni hesabu!"

Mtoto akaja, akapiga goti, akaamkia. "Siimbi siku hizi, baba."

"Huimbi? Nimesikia umepanda la nne, huko hawaimbi?"

"Muulize kitu kingine," nikasema.

Baba mtu akaona aibu ya mgeni, akatafuta swali kubwa la kumvimbisha. "Haya, basi mwambie mgeni hapa kwetu tuna ng'ombe wangapi."

Mama mkwe aliacha kutafuna. Mimi niliacha kupepeta. Kibuyu kilikuwa palepale ukutani, kinaning'inia. Mtoto akakitazama, akamtazama bibi yake, halafu akamgeukia mgeni kwa adabu zote.

"Wapo," akasema.