Testeur Iliyosingiziwa

Harufu ya plastiki ya waya ikiungua, mimi siwezi kukaa. Fundi akianza kuchomea kitu karibu, nahama kiti, na wenzangu kazini wananicheka. Wacheke. Wao hawakuwa Butembo, mashariki mwa Congo, wakati wa vita, hawakuwa kwenye mteremko wetu wa vumbi jekundu siku ile.

Mtaa wetu haukuwa na umeme wa serikali. Mwenye groupe, ile mashine ya mafuta, alivuta waya mpaka kwa jirani, jirani akavutia mwenzake, juu ya mabati, katikati ya migomba, mpaka avenue nzima ikategemea mashine moja. Mashine hiyo ilikuwa chini kabisa ya mteremko, ubavuni mwa moulin, kinu cha kusagia mihogo. Moulin iliunguruma tangu asubuhi, kwa hiyo huwezi kujua kwa masikio kama groupe inafanya kazi au imezimwa. Ndiyo maana Papa, seremala na mwimbishaji wa chorale ya kanisa letu, alinunua testeur.

Ilikuwa kama tournevis, bisibisi ndogo, mkono wake plastiki, ndani kuna kitaa. Unachomeka kwenye prise, tundu la umeme la ukutani, unaweka kidole kwenye chuma cha nyuma, na courant, huo umeme, ikiwepo kitaa kinawaka chekundu. Ilikuja na mizigo ya wafanyabiashara kutoka Dubai, ikauzwa sokoni pamoja na viberiti na sindano. Mama hakuiamini hata siku moja.

"Kitu cha bei chini vile kitajua nini?" alikuwa anasema.

Basi asubuhi moja habari ikapanda kilima: wenye silaha wanapita wakibeba magroupe ya watu. Hawaulizi mtu, wanafuata waya nyumba kwa nyumba mpaka kwenye mashine, na kila aliyepitiwa na waya anakwenda kujieleza kwao. Jamani! Avenue nzima ilipanda juu ya mabati kukata waya. Mama alikuwa anafunga nguo kwenye kitenge, anafungua, anafunga tena, akimwita Nyamuhanga, Mungu kwa lugha yetu. Papa alimtuma mujomba Kasereka ashuke mbio kumwambia mwenye groupe azime, lakini hakungoja arudi. Alisimamisha meza chini ya waya wetu, akapanda na pince, koleo yake ya chuma tupu.

"Kavira, ingia mu nyumba, ona kama courant iko. Kidole nyuma, unasikia? Usiogope, haitakufanya kitu."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilisikia vizuri sana, nisiwadanganye. Lakini kwangu kuweka kidole pale ilikuwa kuikaribisha courant mwilini. Nilichomeka testeur nikiwa nimeishika plastiki peke yake, kwa ncha za vidole viwili, uso nimeugeuzia ukutani. Nilipochungulia, kitaa kilikuwa cheusi. Kingewakaje?

"Papa, courant haiko!"

"Umeangalia muzuri?"

"Ndiyo, Papa."

Akakata. Nilisikia meza ikianguka, halafu sauti ya Mama. Nilipotoka, Papa alikuwa chalichali kwenye vumbi, kiganja cha kuume kimeungua, na harufu ile imejaa uwanja mzima. Hakutikisika. Nilijua nimemuua baba yangu. Kisha akakohoa, nikakaa chini hapo hapo.

Wale watu walipita njia nyingine. Papa alipona, ila vidole viwili havikunyooka tena, na tangu hapo msumeno aliushika kwa shida. Mama hakumwachia. Mbele ya wageni waliokuja kumpa pole alisema, "Batu bote bananunua kitu ya nguvu, yeye anatafuta ya bei chini! Ona sasa!" Papa alikuwa anakubali kwa kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mdomo nimeufunga.

Juma lililofuata waya ziliungwa upya, groupe ikawashwa tena. Mujomba Kasereka akasema, "Lete ile testeur, tujaribu kama kweli ni ya uongo."  Papa aliileta mwenyewe. Aliiweka kwenye jiwe la mlangoni, akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akaiponda mpaka kitaa kikawa unga. Niliona ni hasira. Usiku nilimshukuru Mungu kwa hasira ile.

Nilikuwa mama wa watoto watatu, nikimtazama Papa akinyoosha msumari uliopinda kwa vile vidole vyake ili autumie tena, ndipo akili ikanifunguka. Mtu huyu hatupi msumari. Angepondaje kitu alichonunua, bila kukijaribu?

Sasa wazazi wanaishi Beni. Safari iliyofuata nilimwuliza, Mama akiwa jikoni.

"Papa, ile testeur ilikuwa mbovu?"

Alicheka kidogo. "Asubuhi ya siku ile niliyoiponda, niliijaribu. Ilikuwa muzuri sana."

"Sasa mbona uliacha Mama akuseme vile mbele ya watu?"

"Mama yako alinisema mwezi moja, akachoka. Weye, kama ungejua ni weye, ungejisema mpaka uzee. Donc basi, nikaona heri nisemwe mimi."

Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Nilimshika ule mkono, nikamwambia asante. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nilijua ni mimi tangu siku ile ile.