Jina la Mama Yake Babu

Nilisikia kigelegele kabla sijamwona aliyekipiga. Kilianzia barabarani, kikavuka ukuta wa nyumba yetu ya Kinyerezi, ndipo geti likafunguka kwa teke. Alikuwa dada yangu, viatu mkononi, karatasi ya majibu ya hospitali kwapani.

"Sina! Baba, mie sina! Lile jina limenishindwa!"

Baba alikuwa sebuleni akitazama taarifa ya habari ya mchana. Aliinuka kwa shida, akamshika mabega, akacheka huku machozi yakimtoka.

Jina lilikuwa la mama yake babu, aliyekufa kwa uvimbe wa titi. Akalirithi shangazi, mdogo wake baba. Saratani ya titi ikamwondoa mwaka juzi. Wa tatu kupewa ni dada. Kwetu tuliamini ugonjwa unalifuata jina, tukaacha kulitamka. Dada alikatazwa hata kugusa nguo za shangazi. Zote nilipewa mimi, nisiye na jina hilo. Siku hiyo nilivaa gauni lake la kitenge, lenye maua ya njano.

"Basi yamekwisha," baba alisema. "Tumshukuru Mungu."

"Bado mdogo wangu," dada akasema. "We majibu yako lini?"

"Huyu wasiwasi wa nini?" baba akadakia. "Hana jina."

Majibu yangu yalikuwa na siku mbili chini ya godoro.

Daktari alinieleza polepole, akichora nyuma ya bahasha. Chembe za mwili hujinakili kila siku, na katika kunakili hukosea. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa hayo, na kila moja tunazo nakala mbili, ya baba na ya mama. Yangu moja ni mbovu tangu tumboni. Nyingine inafanya kazi, lakini nayo ikiharibika ndani ya chembe moja tu ya titi, makosa yatarundikana humo na yanaweza kuwa saratani.

"Si lazima uugue," alisema. "Ila lazima tukuchunguze mara kwa mara."

Nilipouliza imenifikiaje, alichora mstari: mama yake babu, babu, baba. Wanaume wawili wazima, wameipitisha bila kujua.

Dada alinitazama, kicheko kikamkauka.

"We. Ulishayachukua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unayo?"

"Ninayo."

Baba akazima televisheni. "Imetoka wapi basi, kama si kwenye jina?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia siku zote mbili. Ningeweza kusema hospitali hawajui. Lakini kaka yake baba ana mabinti wawili kule Kibamba, nao hawana jina hilo, nao wanajiona salama.

"Kwa babu, baba. Kisha kwako."

Baba aliushika upindo wa mkono wa gauni langu, gauni alilonikabidhi mwenyewe baada ya msiba, akausugua kidogo kwa kidole gumba.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, mama."

Akaitwaa kofia yake msumarini. Dada alitaka kumfuata, akamzuia kwa kiganja.

"Nakwenda Kibamba. Wale watoto wasikie kutoka kwangu mwenyewe."

Akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake.